Nani Amtafsirie Mwenzake? Historia ya 247

Kompyuta haijui 247. Ukiiandikia 247 inaipokea, ukiiuliza inakurudishia 247, lakini katikati ya safari hiyo namba yenyewe haikuwa 247 hata kwa sekunde moja. Ilikuwa 11110111: swichi nane, saba zimewashwa, moja imezimwa. Unachokiona kwenye skrini si namba. Ni alama tatu, mbili na nne na saba, zimepangwa mstari kama abiria wanaongoja mathree. Kati ya zile swichi na zile alama kuna kazi ya tafsiri, na kazi hiyo lazima iwe na mwenyewe.

Insha hii inahusu hiyo kazi. Ukiandika programu kwa Python unasema print(247), mambo yameisha, unaenda kunywa chai. Lakini ukishuka chini kabisa hadi lugha ya asembli, ambapo unaipa prosesa amri moja moja, hakuna anayekufanyia tafsiri. Ukiiambia prosesa itume 247 kwenye skrini hivi hivi, utapata alama ya ajabu au hutapata chochote. Ni wewe utakayeibadilisha namba iwe herufi, tarakimu kwa tarakimu.

Wengi huona zoezi hilo kama adhabu ya darasani tu. Mimi naliona tofauti. Kila nikisoma historia ya kompyuta nakutana na ugomvi uleule: binadamu na mashine wamekutana, kila mmoja ana lugha yake, sasa nani abebe mzigo wa kumtafsiria mwenzake? Jibu lilibadilika mara kadhaa, na kila lilipobadilika, idadi ya watu wanaoweza kukaa mbele ya mashine nayo ilibadilika. Kwetu sisi swali hilo halijaisha.

*

Tuanze na kazi yenyewe, manake ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa.

Chukua 247, gawanya kwa kumi. Unapata 24, inabaki 7. Gawanya 24 kwa kumi: 2, inabaki 4. Gawanya 2 kwa kumi: sifuri, inabaki 2. Ukifika sifuri umemaliza. Mabaki yako ni 7, 4, 2. Tarakimu zote zipo, ila zimekuja kinyumenyume, mamoja mbele na mamia nyuma. Kwa hivyo unazirundika kama sahani: ya kwanza inakaa chini, ya mwisho juu. Ukianza kuzitoa kutoka juu, zinakuja 2, 4, 7.

Bado jambo moja. Saba uliyopata ni thamani tu, bado haijawa alama ya saba. Katika ASCII, orodha ya alama iliyopitishwa Marekani mwaka 1963, alama "0" ilipewa namba 48, "1" ikapewa 49, hivyo hivyo mpaka "9" ambayo ni 57. Basi kila baki unaliongezea 48. Mbili inakuwa 50, nne inakuwa 52, saba inakuwa 55. Tuma 50, 52, 55 kwenye skrini na binadamu ataona 247.

Kwa prosesa za familia ya Intel, moyo wa kazi hiyo ni mistari hii:

gawa:
    xor edx, edx
    div ebx
    add dl, 48
    push rdx
    inc ecx
    test eax, eax
    jnz gawa

Namba iko kwenye rejista eax, kumi iko ebx, na ecx inaanza na sifuri ili ihesabu tarakimu. Amri ya div inagawanya: jibu linabaki eax, baki linaingia edx. Tunaongeza 48, tunarundika, tunahesabu moja zaidi, tunaangalia kama eax imekuwa sifuri. Kama bado, tunaruka kurudi juu. Mistari saba ya amri na jina moja la mahali. Hilo jina, "gawa", nimelichagua mimi na ni la Kiswahili. Prosesa haijali hata kidogo. Tutarudi kwa hilo.

*

Hebu kwanza tuulize: kwani kwa nini zitoke kinyume?

Nimewahi kuwafundisha watu wawili watatu asembli, na hilo ndilo swali ambalo hawakosi kuuliza. Jibu la haraka ni kwamba kugawanya kwa kumi kunafichua mamoja kwanza, basi. Lakini kuna jibu refu zaidi, na linapita pwani yetu.

Tarakimu tunazotumia zilizaliwa India, zikafika ulimwengu wa Kiarabu. Katika karne ya 9 huko Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kueleza jinsi ya kufanya hesabu kwa tarakimu za Kihindi. Ni jina lake, lilivyotamkwa na Walatini, lililotupa neno algoridhimu. Sasa, Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na namba ndani yake mamia hukaa kushoto, kama tu kwetu. Maana yake jicho linalotoka kulia linakutana na saba kwanza, kisha nne, kisha mbili. Ndio mpangilio uleule ambao mashine hutoa mabaki yake!

Waswahili wa Lamu, Pate na Zanzibar walioandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi waliziona namba zao hivyo. Tarakimu zilipoingia Ulaya, maandishi ya huko yalikuwa yanaenda upande wa pili, lakini tarakimu hazikugeuzwa. Sisi tuliolelewa kwa herufi za Kilatini tunaanza na mamia, na mwanafunzi wa asembli analazimika kurundika sahani. Prosesa haina ubaya wowote hapo. Mtindo wetu wa kusoma ndio unaodai zigeuzwe.

Na Kiswahili chenyewe kimebeba mchanganyiko huo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu ni za Kiarabu. Juu yake Nairobi imeongeza ashu, mbao, finje, soo na thao. Mtu wa mtaa anabadilisha namba kuwa maneno ya mifumo mitatu bila kufikiri. Mashine ilibidi ifunzwe hata mmoja.

*

Baadhi ya kompyuta za kwanza hazikufunzwa. Zilijengwa zikiongea lugha yetu.

ENIAC, iliyozinduliwa Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilikuwa na vali takribani 18,000 na ilihesabu kwa makumi kama mimi na wewe. Kila tarakimu ilikaa kwenye pete ya hatua kumi: hatua moja imewaka, tisa zimezima. Ukitaka kujua namba, unaangalia ni hatua gani imewaka. Hapakuwa na tafsiri ya kufanya. Lakini hebu fikiria gharama: swichi kumi kwa tarakimu moja, wakati swichi nne tu zinaweza kupangwa kwa namna 16 tofauti.

Juni 1946, Arthur Burks, Herman Goldstine na John von Neumann waliandika ripoti huko Princeton kuhusu jinsi mashine ya kielektroniki inavyopaswa kujengwa. Walitetea mfumo wa bainari, ule wa sifuri na moja, kwa sababu vifaa vya umeme kwa asili yake huwa vimewaka au vimezima. Vipi kuhusu binadamu aliyezoea makumi? Walijibu kwamba mashine yenyewe itafanya ubadilishaji, kwa kuwa ni hesabu kama hesabu nyingine. Katika kazi za kisayansi unaingiza namba chache, mashine inahesabu kwa muda mrefu, kisha inatoa namba chache. Tafsiri ni tone tu baharini.

Hoja nzuri. Ila kwenye karatasi. Mtu alipaswa kuiandika hiyo tafsiri, na hapo Uingereza ikatoa majibu mawili tofauti kabisa.

Jibu la kwanza lilitoka Manchester. Mashine yao ndogo, iliyobandikwa jina Baby, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948. Majibu yake yalikuwa nukta angavu kwenye kioo cha mviringo; unazisoma mwenyewe, nukta kwa nukta. Ilipokua na kupata mashine ya kuchapa, Alan Turing aliyekuwa kule aliona njia ya mkato. Biti zipangwe tano tano, na kila kikundi kipewe alama moja ya teleprinta. Biti tano zina namna 32, kwa hivyo watu wangehesabu kwa msingi wa 32 badala ya kumi. Zaidi ya hapo, namba ziliandikwa kinyume, yenye thamani ndogo upande wa kushoto. Sifuri iliandikwa kama mkwaju, hivi: /. Mwongozo alioandika Turing mwaka 1951 ulimtaka mtumiaji akariri alama zote 32 na kuzifanyia hesabu.

Turing alikuwa na akili ya kutosha kufanya hivyo kabla ya kiamshakinywa. Wengine je? Mashine ilikuwa imeachiliwa mzigo na binadamu akabebeshwa. Si ajabu kwamba ni Manchester hiyohiyo ambapo Tony Brooker, mwaka 1954, alitengeneza Autocode ili watu wa kawaida wa chuo waweze kutumia mashine bila kukariri vile vitu.

Jibu la pili lilitoka Cambridge. Maurice Wilkes na wenzake walijenga EDSAC, iliyohifadhi kumbukumbu yake kama mawimbi ya sauti yanayosafiri ndani ya mirija ya zebaki. Tarehe 6 Mei 1949 iliendesha programu yake ya kwanza: ilihesabu kipeo cha pili cha kila namba kutoka 0 hadi 99 na kuchapa majibu. Kwa makumi. Kwa tarakimu ambazo mtoto wa shule anazisoma.

Na si majibu tu. Mwanafunzi mmoja wa utafiti, David Wheeler, aliandika amri za mwanzo ambazo mashine ilizipata kila ilipoanza kazi. Zilikuwa amri 31 tu. Lakini ndani ya hizo 31 mlikuwa na sehemu inayosoma namba zilizoandikwa kwa makumi kwenye utepe wa karatasi na kuzigeuza bainari: chukua ulichonacho, zidisha kwa kumi, ongeza tarakimu inayofuata. Fikiria ubahili wa kumbukumbu wa siku zile. Kila amri ilikuwa dhahabu. Bado waliona inafaa kutumia baadhi yake ili binadamu aandike kwa lugha yake.

Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha kufundisha kuandika programu. Kilikuwa na maktaba ya programu ndogondogo zilizoandikwa tayari, na kundi zima kati yake lilikuwa la kuchapa tu. Ukitaka kuchapa namba, huanzi upya. Unachukua iliyoandikwa na mwenzako. Tafsiri ikawa mali ya umma.

Kumbuka EDSAC haikuwa na amri ya kugawanya. Kwa mashine ya aina hiyo kuna njia nyingine, na makanga yeyote anaijua. Una 247, na una noti na sarafu za soo, ashu na bob peke yake. Toa soo: inabaki 147. Toa soo: inabaki 47. Huwezi kutoa soo nyingine, basi tarakimu ya kwanza ni 2. Toa ashu mara nne: inabaki 7. Tarakimu ya pili ni 4, ya tatu ni 7. Hakuna kugawanya, ni kutoa na kuhesabu tu. Na tarakimu zinakuja zimenyooka, mamia mbele. Sahani hazihitajiki.

Hapa pia nimtaje Kathleen Booth, aliyezaliwa 1922 na kufariki 2022, akiwa ameishi miaka 100. Alifanya kazi Chuo cha Birkbeck, London, na wengi humtaja kama aliyebuni lugha ya kwanza ya asembli, kwenye kazi yake ya mwaka 1947. Wazo lake ni lilelile: badala ya binadamu kukariri namba za amri, aandike alama anazozielewa na zibadilishwe. Lugha ya asembli yenyewe ni tafsiri kwa faida yetu, japo leo tunaiona ngumu.

*

Wafanyabiashara hawakushawishika na hoja ya Princeton. Benki haifanyi hesabu ndefu. Inasoma namba nyingi, inajumlisha kidogo, inachapa namba nyingi. Kwake tafsiri si tone, ni bahari yenyewe. Kwa hivyo IBM iliuza mashine zinazohesabu kwa makumi: IBM 650 katika miaka ya 1950, kisha IBM 1401 iliyotangazwa 1959, ambayo iliuzwa zaidi ya 10,000. Namba zilikaa ndani kama tarakimu, tayari kwa kuchapwa.

Tarehe 7 Aprili 1964, IBM ilitangaza System/360, mashine iliyotaka kuwatosheleza wanasayansi na wafanyabiashara pamoja. Suluhisho lao? Waliipa amri maalumu za tafsiri: moja ya kutoka makumi kwenda bainari, nyingine ya kurudi. Kazi iliyokuwa programu nzima ikawa amri moja ya kifaa. Mashine ilikuwa imekubali rasmi kwamba kutafsiri ni jukumu lake.

Lakini tabia ya kuweka namba kama tarakimu iliacha deni. Kadi ya matundu ya IBM ilikuwa na safu 80 tu, kwa hivyo mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili: 64 badala ya 1964. Deni hilo lilidaiwa mwisho wa karne. Mabilioni yalitumika duniani kurekebisha programu, na ndege hazikuanguka.

Kilichotokea Januari 2000 kilikuwa cha kuchekesha zaidi. Tovuti kadhaa ziliamka zikisema ni mwaka 19100. Lugha kama Perl na JavaScript zilikuwa na njia ya kutoa mwaka kama idadi ya miaka tangu 1900. Mwaka 1999 jibu ni 99. Badala ya kujumlisha 1900 na 99, watu walikuwa wameandika herufi "19" kisha wakabandika "99" kando yake. Ikaonekana sawa miaka yote hiyo. Mwaka 2000 jibu likawa 100, na "19" ikabandikwa na "100". Walichanganya namba na alama ya namba. Kosa lilifichwa na bahati mpaka siku tarakimu zilipoongezeka.

*

Kompyuta ndogo zilipofika, historia ilijirudia kwa haraka. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilitengenezwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Kijapani, Busicom. Ilikuwa ya biti nne, na biti nne ndizo zinazotosha tarakimu moja. Ilikuwa na amri ya kurekebisha jibu likae kwa makumi. Intel 8086 ya 1978 iliendeleza ukoo huo. Ilikuwa na amri iitwayo AAM ambayo kazi yake ni kugawanya kwa kumi na kukupa tarakimu mbili mkononi. Kisha mwaka 2003, AMD ilipopeleka ukoo huo kwenye biti 64, amri hizo za makumi ziliondolewa katika hali mpya. Watu hawakuzitumia tena. Tafsiri ikarudi kuwa programu.

Kulikuwa na tatizo lingine: kugawanya ni kazi ya polepole kwa prosesa. Mwaka 1994 Torbjörn Granlund na Peter Montgomery walichapisha njia ya kukwepa kugawanya kabisa unapojua kigawanyo mapema. Badala ya kugawanya kwa kumi, zidisha kwa 3,435,973,837 kisha gawanya kwa kipeo cha 35 cha mbili, ambako kwa bainari ni kusogeza biti tu. Jaribu na 247 kwa kikokotoo. Kuzidisha kunakupa 848,685,537,739. Ukigawanya kwa 34,359,738,368 unapata 24 na ushee. Yaani 24, kama kawaida. Ukifungua leo programu iliyotafsiriwa na kompaila, badala ya div utakutana na hiyo namba ndefu imekaa kama mgeni asiyejitambulisha.

Na kuna mtego ambao napenda kuwawekea wanafunzi. Namba hasi unaitafsiri hivi: andika alama ya kutoa, igeuze iwe chanya, endelea. Nzuri. Sasa biti 32 zenye ishara huanzia -2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Angalia vizuri ncha hizo mbili. Hasi ya mwisho haina chanya yake! Ukiigeuza inarudi vilevile, hasi, na programu yako inachapa takataka. Kitabu cha lugha ya C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, toleo la 1988, kinampa msomaji zoezi la kueleza kwa nini mfano wa kitabu chenyewe unashindwa hapo.

Usifikirie kikomo hicho ni cha vitabuni tu. Desemba 2014 YouTube walisema video ya Gangnam Style imetazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647 na kaunta imebidi ipandishwe iwe ya biti 64.

*

Sasa turudi kwetu. Kila meseji ya M-Pesa inayokuingia, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, inakuletea salio kama alama. Alfabeti ya biti saba ya GSM inayobeba SMS imeweka "0" pale pale kwenye 48. Mama mboga anayeangalia kama pesa imeingia anasoma tunda la uamuzi wa Cambridge. Ingekuwa Manchester imeshinda, huenda angekuwa anasoma mikwaju kwa msingi wa 32, na huduma hiyo isingevuka mtaa mmoja. Kwa namba, mashine ilikubali kubeba mzigo, na ndio maana pesa inaweza kutumwa na mtu asiyejua chochote kuhusu bainari.

Lakini angalia ni nani aliyebebewa. Ile 48 si sheria ya asili. Kamati ya Wamarekani iliiweka hapo, kwenye orodha ambayo kila herufi ilikuwa ya Kiingereza. Unicode ilipotoka mwaka 1991, ilikuwa na nafasi ya tarakimu nyingine pia, zikiwemo zile za maandishi ya Kiarabu ambazo babu zetu wa pwani walizitumia. Sifuri ya huko ni 1632. Kwa hivyo kwenye ile programu yangu ya mistari saba, ukiongeza 1632 badala ya 48 na kuhifadhi kwa upana wa kutosha, saba inatoka ٧. Kazi ni ileile, gharama ni ileile. Tofauti ni nani unayemkusudia.

Kwa maneno, Kiswahili bado kiko Manchester. Mwanafunzi wa Kisumu au Malindi anayeanza kuandika programu anakutana na ujumbe wa makosa kwa Kiingereza, mwongozo kwa Kiingereza, mafunzo kwa Kiingereza. Anakariri alama za mwenzake kwanza, ndipo aanze kufikiri. Wenye bahati ya shule nzuri wanavuka. Wengine wanaambiwa kompyuta ni ngumu, wakati kilichokuwa kigumu ni lugha. Mimi siamini hilo ni jambo dogo, na siamini teknolojia italirekebisha yenyewe. EDSAC haikuamka asubuhi moja ikijua makumi. Watu walikaa wakatumia amri chache walizokuwa nazo kwa ajili ya wasomaji wake.

Na ndio maana nilisema prosesa haijali jina "gawa". Sehemu kubwa ya kinachotuzuia haipo ndani ya chuma. Majina ya mahali kwenye asembli, majina ya programu ndogo, maelezo ya pembeni, ujumbe wa makosa, mwongozo: vyote hivyo huandikwa na mtu, na vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili leo jioni. Kundi la kuchapa kwenye maktaba ya Cambridge lilianza na mtu mmoja aliyeandika programu moja, akaiweka pahali mwenzake anaweza kuichukua.

Basi kama una laptopu na saa moja, andika ile programu. Ipe namba, iache igawanye, rundika, ongeza 48. Ikikubali, jaribu hasi. Kisha andika maelezo yake kwa Kiswahili, uyaweke mahali mtu mwingine atayapata.